Sumaku ya Baba Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshinda mikono ndani ya sanduku la glavu, lile la kioo lililofungwa kila upande, unafanya kazi kupitia glavu zilizoshikizwa ubavuni. Saa nne nzima. Pua ikaanza kuwasha dakika tano tu baada ya kuingiza mikono, kama kawaida yake. Humo ndani ni naitrojeni tupu, hewa ya nje haitakiwi, kwa hiyo mikono ikishaingia imeingia. Nikajisugua pua kwenye kioo. Kioo kina alama ya pua yangu, ya miaka miwili sasa.

Kazi imeenda vizuri lakini. Gramu ishirini za ule unga unaotokana na sukari ya mahindi. Kichocheo chetu, kiasi cha ncha ya kijiko. Sumaku ya kukorogea, inayozungushwa na mashine kutoka chini. Nikafunga chupa, nikaitoa, nikaitumbukiza kwenye beseni la mafuta ya moto. Unga ukayeyuka ukawa maji, maji yakawa uji, uji ukawa mzito. Ilichukua saa mbili na nusu. Sumaku ikaanza kusuasua, ikakwama. Hapo ndipo sisi hufurahi. Sumaku ikikwama, poliesta imeiva, ile plastiki ya kuvutia uzi.

Profesa akaingia na habari za kiwanda kitakachotengeneza uzi wetu. Wameshindwa tena, mara ya nne. Fundi wao, mama mmoja wanamwita Mama Pacha, amefuata maelezo yangu neno kwa neno na chupa yake imebaki maji. Profesa hakushtuka. Akasema kichocheo hakina shida, ni kama mapishi tu: chumvi ile ile, moto ule ule, mmoja anapika watu wanalamba vidole na mwingine anapika mbwa anasusa. Kuna wenye mkono na wasio na mkono. Mimi ninao.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu humu sidanganyi mtu.


Jumatano, 5 Machi

Mama Pacha amenipigia mwenyewe. Sauti ya mtu mzima, ya taratibu. "Dada, niambie kila kitu unachofanya. Hata kile unachoona cha kijinga." Basi nikamwambia. Napima unga kabla ya kichocheo. Nakausha chupa kwenye tanuri tangu jana yake. Naimba nikikoroga – hilo nalo nikamwambia, akacheka.

Kisha akauliza: "Na sumaku yako ikoje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikaitoa mfukoni mwa koti nikaitazama. Kidude cha urefu wa kiungo cha kidole, chuma ndani, plastiki nje. Zamani ilikuwa nyeupe. Sasa ina rangi ya jino la mvuta tumbaku na mikwaruzo kila upande. Baba Mdogo, yaani Profesa, alinipa siku niliyoanza kazi kwake. Aliitumia yeye tangu anasoma. Nikamwambia Mama Pacha ni ya zamani tu, ya bahati. Akasema zake ni mpya kabisa, zimetoka kwenye pakiti na mstari wa bluu katikati, kila kitu kwenye chumba chao ni kipya. Kiwanda kimejenga chumba kizima kwa ajili ya uzi huu.

Mwisho akasema, bila kulalamika, kwamba akishindwa tena wanampeleka kufungasha maboksi na wanaleta mwingine. Ana miaka kumi na tisa pale. Ameanza na mafuta ya mashine, amejifunza kemia kwa kuchungulia. Nikamwambia atafanikiwa tu, asijali. Maneno matupu. Baada ya kukata simu nikabaki nimeishika ile sumaku.


Alhamisi, 6 Machi

Nimetumia sumaku mpya leo. Kwa kujaribu tu.

Maji. Saa tatu, maji. Saa nne, maji. Sumaku inazunguka kama mtoto kwenye bembea.

Pengine nilikosea kupima. Nitarudia kesho.


Ijumaa, 7 Machi

Chupa mbili kwenye beseni moja.

Ya kwanza: unga, kichocheo chetu, sumaku mpya.
Ya pili: unga, sumaku ya Baba Mdogo. Kichocheo sikuweka. Hata chembe.

Ya kwanza imebaki maji mpaka nikaizima. Ya pili, saa tatu na dakika kumi, sumaku imekwama.

Nikakaa sakafuni. Kweli, sakafuni, na koti langu jeupe. Maana nilielewa palepale, na nilitamani nisielewe.

Ni bati. Dunia nzima hutengeneza plastiki hii kwa kichocheo cha bati. Baba Mdogo naye alitumia bati miaka yake yote kabla ya kuja na wazo la kuliacha. Bati limeingia kwenye mikwaruzo ya ile sumaku. Lakini lingekwisha kwa kuoshwa, si ndiyo? Lingekwisha, kama si mimi. Kila Alhamisi napika chupa moja ya bati, ya kulinganishia. Kila Ijumaa nakusanya sumaku zote, za bati na zisizo za bati, naziloweka pamoja kwenye gudulia moja la asetoni ya kusafishia. Zile laini hazishiki kitu. Hii yenye mikwaruzo inakunywa. Miaka miwili nimekuwa nikiilisha kwa mkono wangu mwenyewe. Huo ndio mkono nilio nao.

Na tulipima! Tulipeleka uzi ukapimwe metali. Tukapimisha tano: risasi, zebaki, na nyingine tatu. Bati hatukulipima. Tungelipima kwa nini, na hatukuliweka?

Uzi wa kushonea vidonda, unaoyeyuka wenyewe mwilini, usio na metali hata chembe. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye makala. Jina la Baba Mdogo la kwanza, langu la pili. Hospitali ya watoto inautaka kwa vichanga wanaopasuliwa. Hawautaki kwa sababu ni mzuri kuliko mwingine. Wanautaka kwa sababu ya hilo neno moja, hauna.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa mfukoni mwa koti.


Jumapili, 9 Machi

Jana nilirudia yote. Jibu lile lile.

Kazini yeye ni Profesa, mimi ni "msaidizi". Tukipita geti la nyumbani anakuwa Baba. Tulikubaliana hivyo siku ya kwanza na hatujawahi kukosea. Ni mdogo wake marehemu baba. Alinichukua nina miaka tisa, na begi moja, na meno mawili hayapo. Hajawahi kunikumbusha. Afadhali angekuwa ananikumbusha, ningepata cha kumkasirikia.

Jumapili hupiga pasi mashati yake matano mwenyewe, hamruhusu mtu. Nilimwambia akiwa kwenye shati la pili. Nikaanza, "Baba, kuna jambo la kazini," na hapo tu akajua ni zito, maana nimevunja sheria ya geti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza chupa zilikaushwa vipi. Unga ulitoka pakiti gani. Moto ulikuwa digrii ngapi. Akaniambia rudia. Nikamwambia nimesharudia, jana. Akapiga pasi mkono mmoja wa shati mara mbili, na ule mwingine akausahau, akalitundika hivyohivyo.

Mama Mdogo alikuwa mlangoni na ungo wake. Sijui alisikia kiasi gani, lakini alisikia cha kutosha. Akasema, "Jamani, funika kombe mwanaharamu apite. Uzinduzi wa huo uzi ni mwezi ujao." Kisha akaniangalia mimi, si mumewe. "Mwanangu, huyu mtu anastaafu mwakani. Unataka astaafu vipi?"

Nikampokea ungo. 

Baba akazima pasi. Akasema kiwandani wanataka niende mwenyewe Ijumaa, nikafanye kazi ubavuni mwa yule fundi, sanduku moja, unga mmoja, meneja aone tofauti iko wapi. Nikauliza, "Na sumaku?"

Akaanza kukunja waya wa pasi, pole pole, kwenye mkono wake.

"Nenda na vifaa vyako," akasema.


Jumatatu, 10 Machi

Tumeenda kazini kwa gari lake, kama siku zote.  Ndani ya gari sikujua yeye ni nani, Baba au Profesa, kwa hiyo sikumwita.


Jumanne, 11 Machi

Nimeandika barua pepe kwa meneja. Mistari mitatu. Nimeifuta. Nimeiandika tena mistari miwili. Iko pale, haijatumwa, nikifungua kompyuta inanikodolea macho.

Nikisema, makala inaondolewa. Shahada yangu inaenda nayo, maana sura zote nne za tasnifu zinasimama juu ya hiyo sumaku. Sawa, hiyo ningeimeza. Lakini yeye? Miaka thelathini na mbili ya kazi safi, na watu watakumbuka hii tu. Watasema alijua. Na mimi jioni nirudi niketi kwenye kiti kile kile, nimpitishie chumvi?

Nisiposema, kuna mtoto ambaye hajazaliwa bado atashonwa kwa neno la uongo. Pengine hatadhurika. Bati ni kidogo mno, na nyuzi za siku zote zinalo na watu wanapona. Nimejiambia hivyo mara ishirini leo. Ajabu ni kwamba kila nikijiambia nahisi nazungumza kwa sauti ya Baba Mdogo.

Na kuna Mama Pacha na maboksi yake.

Nimefikiria kuumwa Ijumaa. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba, napanga kuumwa tumbo kama wa darasa la pili.


Jumatano, 12 Machi

Profesa amekuja maabara wakati mikono yangu iko ndani ya sanduku. Nadhani alichagua. Huwezi kugeuka ukiwa humo, huwezi kutoka haraka, unabaki umeelekea kioo na mtu anazungumza na kisogo chako.

Alisema mwenzangu aliyenitangulia, yule aliyeacha akaenda kufundisha shule, naye alishindwa. Alitumia sumaku zake mwenyewe. "Nilimwona mzembe," akasema. "Nilitaka kumwona mzembe."  Nikasikia anavuta kiti, hakukaa.

Anaomba miezi sita. Uzinduzi upite, kisha tukae sisi wawili, tulitoe bati, tukitengeneze kichocheo mpaka kifanye kazi kweli. Wazo ni sahihi, anasema. Wazo ni sahihi kabisa, limetangazwa tu mapema mno. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kidogo. Sijawahi kuisikia ikitetemeka, hata kwenye msiba wa baba.

Nikauliza, "Na Mama Pacha?"

"Nani?"

"Fundi wa kiwandani. Asiye na mkono."

"Ah," akasema. "Huyo wanaweza kumpangia kazi nyingine."

Machozi yakanitoka na sikuweza kuyafuta. Nikayaacha yashuke. Nadhani hakuyaona.


Alhamisi, 13 Machi

Nimepata njia. Kesho nitaomba chupa tatu badala ya mbili. Ya tatu nitatia unga na sumaku ya zamani peke yake, mbele ya wote, nami nitasema kwa sauti: hii haina kichocheo, tuone. Basi. Sihitaji kumshtaki mtu. Chupa itasema yenyewe.

Nimefanya mazoezi ya sentensi hiyo mbele ya kioo cha bafuni. "Naomba tuweke na ya tatu." Maneno matano. Mama Mdogo akagonga akauliza nazungumza na nani.


Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha kiwanda. Nimefunga kwa ndani. Nimewaambia navua ovaroli.

Nianze mwanzo, nisije nikajidanganya baadaye.

Mama Pacha ni mfupi kuliko sauti yake. Ana vidole vilivyoungua zamani, kucha fupi, na daftari lenye jalada la nailoni ambamo ameandika kila nilichomwambia kwenye simu, hata kuimba. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Karibu, dada. Leo nikuibie mkono wako," akasema. Watu wakacheka. Yeye hakucheka sana. Alikuwa na kijasho juu ya mdomo.

Sanduku lao ni kubwa, la watu wawili, glavu nne. Tukasimama bega kwa bega, mikono ndani. Nyuma yetu meneja, wakubwa wawili wa kiwanda, na Profesa. Nilikuwa nawaona wote kwenye kioo. Yeye alisimama katikati, na shati la Jumapili. Mkono mmoja wa shati haukupigwa pasi.

Huo mkono ndio ulionimaliza. Nikafungua mdomo kusema maneno yangu matano, nikauona ule mkono wa shati umejikunja, na hakuna aliyemwambia. Nikafunga mdomo.

Meneja akasema tuendelee. Kabla hatujaanza akamkumbusha Mama Pacha, kwa upole kabisa, kwamba leo ndiyo leo. Mama Pacha akaitikia, "Naam." Nikaona kijiko chake kinagonga mdomo wa chupa, tin, tin, tin.

Zilikuwa sumaku mbili kwenye kisahani. Yake mpya, na ile yangu ya zamani. Niliambiwa nizitie mimi kwenye chupa zote mbili ili tusije tukasema mikono imetofautiana.

Nikatia ya Baba Mdogo kwenye chupa ya Mama Pacha. Mpya nikatia kwenye yangu.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Vidole vilifanya, kisha mimi nikajua.

Tukazitoa, zikaingia kwenye mafuta. Chai ikaletwa, sikuweza kunywa. Saa ya kwanza, maji na maji. Saa ya pili Mama Pacha akainama karibu na chupa yake, akasimama, akainama tena. Akanishika kiwiko. Uji. Sumaku ikawa inasuasua. Dakika arobaini baadaye ikakwama, na yangu bado inazunguka mbio kana kwamba ina safari.

Walipiga makofi. Mama Pacha alijifunika uso kwa daftari. Meneja akatania kwamba mwalimu ameacha mkono wake kwa mwanafunzi na ameondoka mikono mitupu. Palepale akatangaza: kuanzia Jumatatu chumba hiki ni cha Mama Pacha. Yeye ndiye atakayewafundisha wengine sita wanaokuja.

Profesa alikuwa ameinamia chupa yangu. Alitazama maji yale kwa muda mrefu. Kisha ile nyingine. Ndani ya ule uji mweupe, ukijua cha kutafuta, unaona rangi ya jino. Akainua uso akaniangalia, na macho yake yalikuwa na shukrani. Shukrani! Anadhani nimefanya kwa ajili yake. Anadhani nimetafuta njia ya kuiacha sumaku hapa kiwandani bila mtu kuuliza. Akapita karibu yangu, akasema chini chini, "Ahsante, mwanangu." Kazini. Mbele ya meneja.

Nikatoka nikaja huku.

Nilitaka kumwokoa Mama Pacha na maboksi tu, basi. Na nimefanya nini? Nimempa chumba, nimempa wanafunzi sita, nimempa jina, na vyote vimekaa juu ya kitu asichokijua. Mimi nilikuwa peke yangu humu. Sasa tuko wawili, na mwenzangu hajui kama amefungiwa.

Amekuja mlangoni. Nimejua kwa jinsi anavyogonga, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Dada. Ile sumaku uliyonitilia siyo yangu. Yangu ina mstari wa bluu."

Nimesema navaa.

"Sawa, vaa. Mimi sikuja kukulaumu. Nataka kujua tu ina nini."  Kisha: "Maana Jumatatu nina watu sita. Nitawafundisha nini?"

 Profesa ameniita kutoka kwenye korido, gari liko tayari. Mama Pacha amemwambia nakuja, asubiri kidogo. Naona ncha za viatu vyake chini ya mlango. Hajasogea.